Usimkwangue Mama wa Chumvi

Wadogo zangu wa kidato cha pili,

Siku ile mwalimu wenu wa biashara aliponileta mbele ya darasa akasema, "Huyu anaitwa Biira, ameuza chumvi tangu akiwa mdogo kuliko nyinyi, msikilizeni," mliona wenyewe kilichotokea. Nilisimama. Mkanyamaza mnisikilize. Na mimi nikanyamaza. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri tangu asubuhi, nimeyarudia njiani, na yote yakanikimbia mlangoni. Kisha sauti moja kutoka benchi la mbele ikauliza, "Dada, sasa uko na pesa ngapi?" Darasa zima likaangua kicheko, nami nikakaa kwenye kiti cha mwalimu, nikatazama viatu vyangu hadi kengele ikanikomboa.

Aliyeuliza ni mdogo wangu wa tumbo moja, Kabugho. Sikumkasirikia. Alikuwa na sababu yake, na nitaisema kabla sijamaliza. Lakini mimi ni mtu wa kuandika. Mambo ambayo mdomo wangu unakataa, mkono wangu huyakubali. Kwa hiyo jibu la swali lile ndilo hili, na ni refu kidogo.

Kwanza mjue kwamba mimi nimestaafu. Mnaweza kucheka tena. Nina miaka kumi na tisa na nimestaafu kazi ya ziwa la Katwe, kama askari aliyemaliza utumishi, ila mimi sikupewa hata cheti. Nilipewa miguu hii. Muuguzi aliitazama akasema nikiendelea kuingia katika maji yale, vidonda havitafunga kamwe. Sasa nauza sabuni na unga katika kibanda cha watu, nikiwa nimevaa soksi.

Nianze na kosa dogo, maana makubwa yanakuja.

Mtu mwenye haya hafai kuuza chumvi bila kufundishwa. Siku zangu za kwanza sokoni Mpondwe, pale ng'ambo kidogo ya Bwera ambako watu wa Kongo wanavuka kuja kununua, nilikuwa napima kwa mkebe. Mnajua mambo ya nyongeza. Mteja akishalipa, anabaki amesimama, anatazama mkebe, anatazama uso wako. Lazima umwongezee kidogo. Basi mimi, kwa sababu sikuweza kumtazama mtu usoni, nilikuwa naongeza mpaka aondoke. Kulikuwa na mnunuzi mmoja mkubwa, Papa Kambale, mwanamume mnene mwenye simu mbili, moja ya laini ya Uganda na moja ya Kongo, zote zikilia kwa pamoja. Aligundua ugonjwa wangu mapema.

"Ma fille, binti yangu," aliniambia, "ongeza. Mukono yako iko ya baraka."

Nikaongeza.

"Ongeza tena kidogo tu. Bibi yangu atakuombea."

Nikaongeza. Dada yangu mkubwa, Masika, alikuwa nyuma yangu akishona gunia. Aliacha sindano akaja.

"Papa Kambale, bibi yako anaomba sana. Iko mugonjwa?"

"Hapana, iko muzima."

"Basi apumzike kuomba. Biira, lete mkebe."

Watu walicheka, hata Papa Kambale alicheka mpaka tumbo likatikisika. Tulipokuwa tunarudi Masika akaniambia jambo ambalo bado nalitumia: usingoje mteja akuombe nyongeza. Pima mkebe wa usawa, halafu weka nyongeza mwenyewe, ngumi moja, kabla hajafungua mdomo, kisha funga gunia. Ukishafunga, mjadala umefungwa. Faida yetu ya wiki mbili nzima ilikuwa imeenda kwa nyongeza, kwa sababu tu mimi niliogopa macho ya watu.

Masika alikuwa na mdomo, mimi nilikuwa na macho. Nataka mkumbuke kwamba alikuwa mfanyabiashara mzuri. Watu wakimsimulia siku hizi wanaanza na mwisho.

Chumvi yenyewe ilitoka kwenye kiwanja cha Nyanya, mama mzaa baba yetu. Nyinyi wa upande wa milimani huenda hamjafika Katwe, kwa hiyo nieleze. Kandokando ya ziwa watu wamegawa maji kwa kuta za tope na vijiti, vidimbwi na vidimbwi, kila kimoja kina mwenyewe. Kidimbwi kimoja ndicho tunachokiita kiwanja. Jua likipiga, maji yanakauka na chumvi inaota. Unaingia hadi mapajani, unaivuna kwa mikono, unaiweka kwenye beseni, unaitoa nje. Maji yale yanakula ngozi. Kabla ya kuingia tulijipaka mafuta ya mgando kila mahali, hata pale ambapo sitapataja. Mwenye kidonda haingii. Aliye katika siku zake za mwezi haingii. Mwenye mimba haingii. Hizo si imani za wazee tu. Ni maji makali, na yanatafuta njia.

Nyanya alikifanyia kazi kiwanja kile tangu alipoolewa, na alikirithi kwa mama mkwe wake. Baba yetu alifariki tukiwa wadogo, mama naye akaolewa mbali, kwa hiyo kiwanja ndicho kilichotulea sisi watatu, Masika, mimi na Kabugho. Miguu ya Nyanya ilipokataa, Masika akaacha kusukia watu nywele Kasese akarudi, na mimi nikawa namsaidia kila likizo na kila Jumamosi.

Siku ya kwanza Nyanya alikaa ukingoni juu ya jiwe, akatuonyesha kwa fimbo. Chini kabisa ya kiwanja kuna tope jeusi linalonuka kama yai viza. Juu ya tope kuna tabaka gumu la chumvi ya zamani, unene wa kiganja. Hilo halivunwi. Hilo ndilo linalozuia tope lisipande, na chumvi mpya inajishikiza juu yake. Wazee wanaliita mama. Ukivuna, unahisi kwa vidole vya miguu. Ukifika kwenye ugumu ule, umefika kwa mama, unainua mikono.

"Watoto wake mutakula," Nyanya alisema. "Mama hapana."

Tangu hapo, tukirudi nyumbani jioni, hakuuliza tumeuza kiasi gani. Hakuuliza bei. Alikuwa amekaa mlangoni na chai yake ya tangawizi, na swali lake lilikuwa moja.

"Mama iko?"

"Iko, Nyanya."

Basi. Ndipo anasema chakula kiko wapi.

Nje ya maji pia alikuwa na utaratibu. Chumvi iliyotoka ilirundikwa ukingoni malundo matatu. Lundo la kula ndilo tulilouza wiki hiyo hiyo kwa ajili ya muhogo, samaki, sabuni na taa. Lundo la kazi ndilo lililolipa magunia, lori, na vijana wa kutengeneza kuta zikibomoka. Lundo la tatu ni la mvua. Hilo lilifunikwa kwa nyasi na halikuguswa hata Krismasi ikija. Mvua ikinyesha, hakuna anayevuna, chumvi inapotea sokoni na bei inapanda mlimani. Mwenye lundo la mvua anauza hapo, peke yake kama mfalme. Hiyo ndiyo ilikuwa benki yetu, na wizi wake ulikuwa mgumu, maana nani atakimbia na gunia la chumvi mgongoni?

Hapa niseme neno kwa wale wanaofunika malundo kwa turubai siku hizi. Mimi nilijaribu. Turubai linang'aa, linaonekana la kisasa, lakini ndani chumvi inatoka jasho. Nyasi zinapumua. Ukiona mtu anakucheka kwa nyasi zako, mwache, mtaonana mvua ikinyesha.

Na neno lingine, juu ya kukopesha. Mwaka mmoja nilikuwa napeleka mikebe midogo Kasese, kwa wake wa askari kambini. Walikuwa watu wa kila upande wa nchi, na walinipenda kwa sababu sikupiga kelele. Kila mmoja alichukua, akalipa mwisho wa mwezi mshahara ukifika. Mama Akello, wa kaskazini, ndiye alinizoesha kunywa uji nyumbani kwa mtu bila kuona aibu. Siku moja nikafika na kikapu changu, nikakuta safu nzima ya nyumba za mabati iko wazi, milango inapigwa na upepo. Langoni kulikuwa na kijana mwenye bunduki.

"Unatafuta nini?"

"Mama Akello, afande. Alichukua chu—"

"Wamehamishwa. Songa."

"Afande, na wale wengine wa—"

"Nimesema songa!"

Nikasonga. Kikapu kilikuwa kizito zaidi kurudi kuliko kwenda. Miezi ilipita, kisha simu ya Masika ikalia, pesa imeingia kutoka mbali, na ujumbe: chumvi ya yule mtoto asiyeongea. Mama Akello peke yake ndiye aliyetuma. Wale wengine labda walikusudia. Usimkopeshe mtu ambaye lori linaweza kumbeba na nyumba yake asubuhi moja, hata kama uji wake ni mtamu.

Sasa nifike Bwera. Nimekuwa nikiizunguka.

Masika aliona kitu ambacho kila mwenye akili angeona. Kati ya Katwe na Bwera bei inatofautiana kama mtu na ndugu yake tajiri. Sisi tulifika Mpondwe na magunia machache tu; mengi wachuuzi walikuwa wananunua kwetu ukingoni, wanapitia Kikorongo na lori, wanaweka Bwera, wanangoja siku ya soko, wanamuuzia Papa Kambale kwa faida ambayo sisi tuliitolea jasho. Masika akasema tuwe na depo yetu wenyewe. Alilipenda neno hilo, alilichukua kwa Wakongo, alilitamka kama jina la mtoto. Depo. Tupeleke lundo la mvua lote Bwera, likae pale pale karibu na mpaka, na mvua ikianza tuuze siku hiyo hiyo, bila mchuuzi wa katikati.

"Chumvi haipendi baridi ya mlima," Nyanya alisema.

"Nyanya, wachuuzi wanaweka huko kila siku."

"Wanaweka wiki. Weye unataka kuweka musimu."

"Nyanya, umekaa na lundo miaka yote hii, umejenga nyumba gani?"

Nyanya alinywa chai yake. Nyumba tuliyokuwemo ilikuwa ya udongo, na sote tuliitazama.

Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao, na nawaambia kweli kwamba nilikuwa upande wa Masika. Katika kitabu cha shule kulikuwa na sura nzima juu ya kuondoa mtu wa kati. Masika alikuwa amefika pale bila kitabu. Ningemwonaje mjinga?

Tulikodi chumba kwa Mzee Thembo, mfanyabiashara wa kahawa, mtu mwadilifu ambaye alitupunguzia kodi kwa sababu alimjua babu yetu. Kilikuwa ghala lake, akaligawa kwa ukuta wa mbao: kahawa upande wake, chumvi upande wetu. Sakafu ya udongo. Tulipanga magunia mpaka juu. Masika akafunga kufuli jipya, akalibusu, akanipa ufunguo mmoja niuvae shingoni. Hiyo ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Tulinunua chapati na mayai, tukala tumesimama barabarani.

Katwe ni joto kavu, chumvi inalala kwenye nyasi kama mbwa mzee. Bwera iko chini ya mlima. Ukungu unashuka Rwenzori, unaingia chini ya mlango, unakaa. Chumvi inavuta maji hata kutoka hewani, na ile ya kwetu si kama ya dukani, ina vitu vingi ndani yake. Wachuuzi walijua. Ndiyo sababu hawakuwahi kuweka zaidi ya wiki. Mvua ya kwanza ikaja mapema, barabara ikaharibika, na sisi tukafurahi kwa sababu bei ilikuwa inapanda. Tulingoja ipande zaidi kidogo. Hilo "kidogo" nalo ni nyongeza, ila hii unaipa tamaa yako mwenyewe.

Tulipofika siku ya soko, Mzee Thembo alikuwa amesimama mlangoni kwake na punje za kahawa mkononi.

"Karibuni," alisema, kwa sauti ya msibani. "Biira, mwanangu, onja hii."

Nikaweka punje moja mdomoni. Ilikuwa ya chumvi.

"Kahawa ya chumvi nitamuuzia nani?"

Masika alifungua kufuli. Magunia ya juu yalikuwa yamelegea kama watu wamelala vibaya. Ya chini yalikuwa yamekwisha, yamebaki ngozi. Chumvi ilikuwa imelia, ikalia, maji yake yakaenda chini ya ukuta wa mbao hadi kwenye kahawa ya Mzee Thembo, magunia ya mavuno mazima ya wakulima waliomwamini. Papa Kambale alikuja na simu zake mbili, akachovya kidole kwenye gunia moja, akakitazama.

"Masika, hii si chumvi. Hii iko supu."

Hakuna aliyecheka. Hata yeye aliona amekosea kusema, akavua kofia.

Mzee Thembo hakupiga kelele. Wangekuwa wengine wangetupeleka polisi. Alisema ana wakulima wa kulipa, na akatupa mpaka Krismasi. Sikuwahi kujua kwamba upole unaweza kuwa mzito namna ile. Afadhali angetutukana.

Sasa kuna jambo moja mlielewe vizuri, kwa sababu mwalimu analiandika ubaoni lakini ubao haunuki. Tulikuwa na malundo matatu. La kula tulikula. La kazi tulilitoa kwa lori na kodi ya depo. La mvua liliyeyuka Bwera. Masika alikuwa amehesabu yote matatu kuwa faida. Hakuwa mwizi, hakuwa mlevi. Aliona chumvi nyingi nje akaiona yote ni ya kutumia. Kilichobaki duniani kilikuwa mama, chini ya maji.

Mvua ilipokatika, akasema tutamkwangua.

Wakati huo Masika alikuwa na mimba. Baba wa mtoto alikuwa dereva wa lori lile lile lililopeleka chumvi yetu Bwera, na simu yake ilikuwa haipatikani tena tangu aambiwe. Nyanya alijua. Asubuhi ile alisimama mlangoni ameshika mwimo, miguu yake imevimba kama mikungu, akafunga njia.

"Masika. Kiwanja itarudi. Tutaomba Thembo muda."

"Krismasi ni Krismasi, Nyanya."

"Basi Biira aingie. Weye hapana."

"Biira ana mtihani."

Hilo nalo mlikumbuke mkisikia watu wakimtaja vibaya. Nilikuwa kidato cha tatu na nilikuwa na mtihani siku hiyo, na dada yangu hakutaka niukose. Nilitoka mtihani nikakimbia moja kwa moja hadi ziwani na sare yangu. Nilimkuta katikati ya kiwanja, maji yamemfika tumboni, ana mtarimbo, anavunja. Nilisikia sauti ya mtarimbo kabla sijamwona. Kitu kigumu kinachopasuka chini ya maji.

"Masika, toka. Nyanya alisema—"

"Nyanya anasema, mimi nalipa. Shika beseni."

Nilishika beseni. Vipande vya kwanza vilitoka vyeupe kabisa, vizuri, vizito, sijawahi kuona chumvi nzuri kama ile, chumvi ya tangu enzi za mama mkwe wa Nyanya. Masika alicheka. Alisema, "Unaona?" Kisha tope likapanda. Lilikuja kama moshi, jeusi, na harufu yake, na maji yote ya kiwanja yakawa meusi, na kila alichoinua baada ya hapo kilikuwa cha kijivu. Chumvi ya kijivu wananunua wafugaji kwa ajili ya ng'ombe, kwa bei ya ng'ombe. Aliendelea kuinua. Nilimwita, aliendelea. Jua lilikuwa bado juu alipoacha mtarimbo akashika tumbo.

Wanawake wa viwanja vya jirani ndio waliomtoa. Mimi mtu wa macho niliona kila kitu, na sitaandika chote. Mtoto alikuwa wa kiume. Tulimzika nyuma ya nyumba, na Nyanya alinunua madumu ya maji baridi, maji matamu ambayo Katwe yanauzwa kama soda, akamwosha Masika kuanzia kichwani mpaka miguuni, pole pole, chumvi yote imtoke. Hakusema "nilikuambia." Jioni ile tulikaa mlangoni naye, na chai yake ikapoa, na hakuuliza.

Hakuuliza tena kwa muda mrefu sana. Angeuliza nini? Kiwanja kiliuzwa kwa mtu wa Kasese, kwa bei ya kiwanja kilichokufa, na pesa zikaenda kwa Mzee Thembo. Zilitosha. Alisema asante, na akatuma kilo ya kahawa nzuri ya msiba, ambayo hakuna aliyeweza kuinywa.

Masika yuko Kikorongo. Mabasi na malori yakisimama pale kwenye njia panda, mtamwona, ana beseni la mayai ya kuchemsha kichwani, na ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote. Anauza vizuri. Lakini pesa za mayai ya leo zinanunua mayai ya kesho, na kinachobaki anakila. Nilimwambia atenge hata mayai mawili. Akaniambia, "Biira, mimi sitengi tena kitu. Nilitenga, ukaona." Ukipita pale nunua kwake, na usiombe nyongeza.

Mimi niliacha shule. Nikawa kibarua wa viwanja vya wengine, ninalipwa kwa chumvi: mabeseni kadhaa ya mwenye kiwanja, moja langu. Beseni langu nililigawa kwa jicho. Nusu tuliila, na nusu niliimwaga mahali pamoja ukingoni, kwa jirani aliyenipa nafasi ya ukubwa wa mkeka. Nikafunika na nyasi. Wenzangu waliniita Nyanya. Msimu wa kwanza lundo lilikuwa dogo kiasi kwamba kuku aliweza kulikalia. Mvua ilipokuja niliuza la juu, la chini nikaliacha. Msimu uliofuata hivyo hivyo. Sikuwa na hesabu kubwa kichwani, nilikuwa na sheria moja tu: la chini halitoki. Kwa la juu nilirudi shule nikamaliza kidato cha nne nikiwa mzee kuliko darasa langu lote, na kwa la juu hilo hilo Kabugho ameketi nanyi kwenye benchi lile la mbele.

Siku niliyosema nyumbani kwamba nimeuza la juu na la chini nimeliacha, Nyanya alikuwa amelala. Nilidhani hajanisikia. Jioni iliyofuata nilipoingia na miguu yangu inayochoma, aligeuza kichwa.

"Mama iko?"

Nilijibu kwa kichwa, na macho yake siku hizi hayaoni vizuri, kwa hiyo nikalazimika kusema.

Basi mmeelewa swali la Kabugho. Alijua kwamba nimestaafu, na alijua lundo liko pale. Anataka kuacha shule muhula huu, auze lundo lote, afungue meza ya nguo za mitumba Bwera. Aliniuliza mbele yenu kwa sababu nyumbani nilikuwa nimekataa, na alifikiri mbele za watu nitaona haya nitakubali. Ananijua. Alikaribia kufaulu.

"Da Biira, lile lundo linalala tu," aliniambia jioni ya siku ile ya darasani. "Mwalimu anasema pesa ifanye kazi. Pesa isilale."

Nyanya alijibu kutoka kitandani. "Hata ng'ombe inalala. Ikilala ndio inacheua."

Kabugho alinuna siku mbili. Sikumwambia hadithi ya mtarimbo, alikuwa mdogo mno wakati ule na tulimficha kwa jirani. Leo ataisoma pamoja nanyi. Nisamehe, Kabugho. Nilijaribu kuisema, mdomo ukakataa.

Nami sikatai meza ya mitumba. Nimeamua hivi: mvua ikishika, nitauza la juu, utalipiwa muhula. Ukimaliza kidato cha nne, lundo ni lako, na nitakuonyesha kwa fimbo lilipoanzia la chini. Meza yako uijenge kwa la juu.

Juzi mawingu yalishuka mlimani mapema. Nilikuwa kibandani, siwezi kutoka, na nyasi za lundo zilikuwa zimechakaa. Niliporudi Nyanya alikuwa peke yake. Kabugho akaingia baadaye, mabega yamelowa, nywele zimejaa mabua ya nyasi, mikono imechanika. Hakunitazama. Alikwenda kumpa Nyanya maji.

"Mama iko?" Nyanya akauliza, na hakuwa ananiuliza mimi.

"Iko, Nyanya," Kabugho akasema. "Lakini iko ndogo."

"Hata ndogo, iko mama."

Kwa hiyo, kwa yule aliyeuliza niko na pesa ngapi: nina lundo moja, kubwa kama mbuzi aliyelala, limefunikwa nyasi mpya ambazo sikuziweka mimi. Ukiwa na swali jingine njoo uniulize nyumbani. Mbele za watu, tafadhali, hapana.